Yangeyange wa Kichwani na Yangeyange wa Matopeni

Wasomaji wanauliza, fundi wa Bagamoyo anajibu

Mwezi huu nimechagua barua nne. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine zote, na sikuona sababu ya kuipunguza, kwa kuwa kijana aliyeiandika ameuliza jambo ambalo wengi wetu tunaoishi kwa kazi ya mikono huona haya kuliuliza hadharani.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Nachora picha za Tingatinga kwenye turubai na vipande vya ubao, nawauzia wageni wanaofika Raskazone, na nyingine napeleka Dar es Salaam. Majuzi mzee mmoja alizipanga picha zangu sita chini, akazitazama kwa muda, kisha akasema, “Kijana, ndege wako wote ni ndege mmoja, umembadilisha nguo tu.” Usiku ule sikupata usingizi. Aliniambia nikatazame ndege. Nilikwenda pwani asubuhi, nikakaa hadi adhuhuri, nikarudi na karatasi tupu na kichwa kinachogonga kwa jua. Naomba unieleze, mtu anayetazama anatazama nini hasa? Na kuna haja gani ya kutazama ikiwa mtindo wetu wenyewe hauchori vitu kama vilivyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kauli ya mzee huyo ingenichoma mimi pia, na nadhani ilikunyima usingizi kwa sababu ulijua ni kweli kabla hajaimaliza. Niruhusu nianze na swali lako la pili, maana usipopata jibu lake hutakuwa na hamu ya kurudi pwani.

Ni kweli kwamba mtindo unaoufuata hauchori vitu kama macho yanavyoviona. Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kuhamia Dar es Salaam alipata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko huko kwenu Tanga, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao nyembamba za kutengenezea dari, na katika miaka michache aliyojaliwa kabla ya kufariki mwaka 1972 aliacha picha ambazo nyingi zina mnyama mmoja mkubwa aliyejaza ubao, bila kivuli na bila umbali. Wapo wanaoamini kwamba mtindo wa namna hiyo unamsamehe mchoraji kazi ya kutazama. Mimi siamini hivyo. Kila mtindo ni namna ya kuacha vitu: huyu ameacha kivuli, yule ameacha umbali, mwingine ameacha vinyweleo. Na mtu hawezi kuacha kitu ambacho hajawahi kuwa nacho.

Chukua mfano wa chui. Maduka ya picha, kuanzia kwenu hadi kwetu, yamejaa chui ambao si chui. Madoa ya chui ni vikundi vya alama nyeusi zilizozunguka sehemu ya kati yenye rangi iliyokolea kidogo kuliko ngozi ya pembeni, mithili ya alama anazoacha paka aliyekanyaga unga. Mwenye nukta nzima, nyeusi na za mviringo ni duma, ambaye pia ana michirizi miwili inayoshuka kutoka kwenye kona za macho hadi pembeni mwa mdomo, utadhani amelia na wanja wake ukachuruzika. Mchoraji anayempa chui nukta za duma amekosea, na kulipaka kosa hilo rangi ya kung'aa hakuligeuzi kuwa mtindo. Lakini yule anayeijua alama ya chui anaweza kuigeuza kuwa ua, au kikombe, au hata jicho, akaitawanya juu ya ubao mzima mpaka mnyama mwenyewe apotee ndani yake, na bado anayetazama atasema huyu ni chui.

Huko China aliishi mchoraji aitwaye Qi Baishi, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1957, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuchora kamba, ndugu wa hawa tunaowanunua sokoni kwa mafungu. Alikuwa akiwafuga hai ndani ya bakuli ili awaone wanavyojikunja, wanavyorusha mikia na wanavyosimama kama hawasimami. Kadiri alivyozeeka ndivyo kamba wake walivyopungukiwa na miguu, hata wakawa na michache kuliko kamba yeyote aliye hai, na cha ajabu ni kwamba walionekana kuogelea vizuri zaidi. Nakuomba uzingatie mfuatano wake: aliipunguza miguu baada ya kuihesabu.

Sasa tuje kwa ndege wako. Najua unavyomchora, kwa kuwa nami nilimchora hivyo hivyo: mwili kama yai, shingo iliyopinda kama ndoana, mdomo, vijiti viwili, basi. Huyo ni yangeyange wa kichwani. Hachoki, haruki, haogopi mtu, na kila unapotaka kuchora ndege yeye ndiye wa kwanza kufika mlangoni. Ukitaka korongo unampaka rangi nyingine, ukitaka heroe unampaka waridi. Ulipoketi pwani mbele ya yangeyange wa matopeni, yule wa kichwani alikunong'oneza kwamba huyu unamjua tayari, na mkono ukaona hauna kazi. Ndiyo maana karatasi ilirudi tupu.

Dawa yake ni kumwuliza ndege maswali madogo. Shingo yake inapinda mahali gani? Ukitulia utaona kwamba haipindi kwa ulaini kama mpira wa kumwagilia bustani. Ipo sehemu moja, karibu na katikati, inayovunjika kama kiwiko, na ndiyo inayompa nguvu ya kuchoma samaki kwa ghafla. Miguu yake je, ina rangi gani? Wale wadogo wanaotafuta chakula kwenye maji ya kina kifupi aghalabu wana miguu myeusi inayoishia kwenye vidole vya manjano, kama mtu aliyevaa soksi asizostahili, na vidole hivyo huvitikisatikisa chini ya maji ili visamaki vishtuke na kujitokeza. Anaporuka anaifanyaje shingo? Huikunja mpaka kichwa kikakaribia mabega, ilhali korongo huruka shingo imenyooka mbele yake. Hapo tayari umepata ndege wawili ambao hawawezi kuazimana nguo.

Nikuongezee jambo lililonichukua muda mrefu kulibaini. Kile kiungo kilicho katikati ya mguu, ambacho hudhaniwa kuwa ni goti linalopinda kinyumenyume, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu, chini ya manyoya ya tumbo. Ukilijua hilo, ndege wako ataacha kuning'inia hewani na ataanza kusimama kwa uzito wake.

Wala usinidhanie mjuzi. Kwa karibu miaka kumi nilichora mandhari ya mikoko ya hapa Bagamoyo na kuiuza, na miti yote niliichora ikiwa na mizizi iliyotanuka kama magongo ya mtu mwenye mguu mbovu. Siku moja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu alikuja akasimama nyuma yangu. Akaninyooshea kidole juu ya picha: “Huu mti gani?” Nikamjibu kwamba ni mkoko, mzee wangu. “Na huu?” Mkoko. “Na huu hapa, uliouchora ukiwa mbele ya macho yako?” Nikanyamaza. “Huo ni mchu,” akasema, “na mchu hauna magongo.”

Maji yalikuwa yamekupwa. Alinishika mkono kama mtoto, tukaingia matopeni hadi kwenye shina. Mchu haukuwa na gongo hata moja. Kuuzunguka, kwa hatua nyingi kila upande, tope lilikuwa limeota vijiti vilivyosimama wima, vinene kama penseli, mamia kwa mamia, kama misumari iliyopigiliwa kutoka chini ya ubao. Ndiyo mizizi ambayo mti huo huipandisha juu ipate hewa. Akachuma jani, akanigeuzia tumbo lake lililopauka, kisha akaniambia niulambe upande wa juu. Ulikuwa na chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake, na siku za jua kali unaweza kuiona ikimetameta kama sukari iliyomwagika. Tulipofika kwenye mkoko wenyewe alinionyesha jinsi mbegu yake inavyoota ingali mtini, ikaning'inia kama rungu refu la kijani kupita urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni, ikingoja siku ya kudondoka. Tukarudi ufukweni, akaniambia nigeuke nitazame kwa mbali. Mikoko ilikuwa ya kijani chenye umanjano, michu ilikuwa na rangi ya majivu. Miaka kumi nilikuwa nimeipaka yote kijani kimoja.

Ulitaka kujua faida ya kutazama kwa mtu asiyechora vitu kama vilivyo, nami nakujibu kwa picha niliyoifanya baada ya siku ile. Haina mti hata mmoja. Ina vile vijiti vya mchu tu, na vivuli vyake virefu vya jioni juu ya maji membamba, mstari juu ya mstari. Wanunuzi wengine huisogelea na kujaribu kuisoma, wakidhani ni maandishi ya lugha wasiyoijua. Nisingeweza kuibuni picha hiyo nikiwa nimeketi nyumbani. Wala mtu aliyesimama nami siku ile pale matopeni hakuiona.

Kuhusu kichwa kuuma, vaa kofia. Na hesabu maji kabla ya kuhesabu rangi. Kila siku maji hukawia kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo ukienda Raskazone kila siku saa mbili asubuhi hutakuta pwani ile ile. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukimbia mbali na matope hufunguka, nazo ndizo siku za ndege. Chagua ndege mmoja, mtazame kwa nusu saa bila kushika penseli. Kisha mpe mgongo na umchore kwa kumbukumbu. Halafu geuka, linganisha, na pale ulipokosea usifute, andika pembeni kwa maneno: “nilidhani hivi, kumbe hivi.” Hayo “kumbe” yakifika ishirini, rudi kwenye turubai yako na Tingatinga yako, kisha umtafute yule mzee.

SWALI: Mwalimu, mimi nachora kuta za maduka na mabango hapa Magomeni, Bagamoyo. Wateja wanaagiza simba na vifaru, nami sijawahi kufika mbugani. Natafuta picha kwenye intaneti kwa simu yangu na kunakili. Wenzangu wananicheka. Je, nakosea?

JIBU: Ndugu yangu, hukosei kutafuta riziki, na wanaokucheka sidhani kama wamemwona kifaru mahali popote isipokuwa ukutani kwako. Ila kuna kisa ambacho kila anayenakili anastahili kukijua.

Mwaka 1515 kifaru kutoka India alishushwa melini Lisbon, Ureno, na mji ukataharuki. Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, Ujerumani, hakumwona mnyama huyo. Alipata maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine, na kutokana na hivyo akatengeneza picha ya kuchapwa kwa ubao wa kuchonga. Ngozi ya kifaru akaifanya kama vazi la chuma la askari, na juu ya mabega akaongeza kipembe kidogo ambacho hakuna kifaru aliyejaliwa kuwa nacho. Wachoraji wengine wa Ulaya wakamnakili kwa zaidi ya miaka 200, kipembe na yote. Nami nikiri udhaifu wangu: kifaru yule wa uongo ananipendeza mno. Lakini linganisha na alichokifanya mtu yule yule mwaka 1502, alipomchora sungura aliyekuwa mbele yake kwa namna ambayo ndani ya jicho la sungura unaona mng'ao wa dirisha, na mwaka 1503 alipochora kipande cha majani ya kawaida kabisa, mafupi na marefu, yenye udongo kwenye mizizi. Mkono ulikuwa ule ule. Kwa kifaru haukuwa na kitu mbele yake cha kuurekebisha.

Kamera siidharau, kwa sababu iliwahi kutuaibisha wachoraji na tulistahili. Kwa karne nyingi farasi anayekimbia alichorwa miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma nyuma, tumbo likiruka hewani, na watu waliowaona farasi kila siku ya maisha yao hawakugutuka. Mwaka 1878, huko California, Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo kando ya njia ya mbio, na picha zake zikaonyesha kwamba kwato zote nne huachana na ardhi wakati zimekusanyika chini ya tumbo. Kwa hiyo jambo linalopita haraka kuliko jicho, iachie simu.

Taabu ya simu ni nyingine. Kivuli cha mwembe, ambacho jicho lako huona ndani yake kijani, zambarau na vipande vya buluu, simu hukifanya cheusi. Tena mtu akishabonyeza huona kazi imekwisha, hutia simu mfukoni na kuondoka. Ukiweza, chora kwanza, piga picha baadaye.

Na huyo simba wako unaye jikoni. Mtazame paka anaponyatia: mifupa ya mabega hupanda na kushuka juu ya mgongo kwa zamu, kichwa hubaki kimetulia kama kimewekwa kwenye sinia, na mguu wa nyuma hutua karibu palepale ulipotoka wa mbele. Simba hutembea vivyo hivyo. Tofauti moja uichunge: mchana mboni ya paka husinyaa ikawa mstari uliosimama, ilhali ya simba hubaki duara. Nimeona kuta nyingi zenye simba wa macho ya paka. Na siku utakayopata nauli, hifadhi ya Saadani iko katikati ya Bagamoyo na Pangani, mnyama na bahari mahali pamoja.

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Najifunza kuchonga milango hapa Bagamoyo. Nyumbani tumelelewa kutochora wala kuchonga viumbe wenye roho. Nikisikia watu wanasifu kutazama wanyama na ndege naona kama mlango huo kwangu umefungwa. Je, nina cha kutazama?

JIBU: Waalaykum salaam. Hukumu ya dini muulize sheikh wako, kwani mimi ni fundi tu, na la ufundi ndilo nitakalolijibu.

Pita katika mji mkongwe wetu jua likiwa limeinama, wakati mwanga unapokata kwenye nakshi, usimame mbele ya mlango mmoja. Kwenye miimo, kwenye mfaa, ule ubao wa katikati mbawa mbili zinapokutana, na kwenye kizingiti cha juu utakuta yungiyungi, utakuta mtende, utakuta mawimbi na mnyororo unaozunguka ukingo mzima. Nyuso hutaziona. Waliochonga hawakuwa wamenyimwa kitu, maana walikuwa wametazama maji na mimea mpaka wakaweza kuvipanga upya. Angalia tu yungiyungi lilivyotumika: mahali pengine limechongwa kama linavyoonekana kutoka juu, duara lenye petali zinazopishana, mahali pengine limechongwa kutoka ubavuni. Fundi alizijua sura zake mbili, akachagua kila moja ikae wapi.

Hofu yangu kwa wanafunzi wa leo ni kwamba wanajifunza yungiyungi kutoka kwenye mlango, na yule aliyechonga mlango huo naye alilitoa kwenye mlango mwingine, mpaka ua limekuwa gurudumu. Nenda bwawani asubuhi. Ua lililofunguka saa tatu litakuwa limeanza kujifunga alasiri, kwa hiyo usichelewe. Utakuta majani manne ya nje, ya kijani, ambayo ndiyo yaliyokuwa kifuniko chake lilipokuwa tumba. Na utaona kwamba petali za ndani hukaa kwenye nafasi zilizoachwa na za nje, ndiyo sababu macho hayachoki kulizunguka.

Halafu nunua nanasi la Kiwangwa. Sifanyi mzaha. Liweke juu ya meza, fuata magamba yake kwa kidole yanavyopanda kwa mshazari, kwanza kuelekea kulia, kisha kuelekea kushoto, na utie alama ya chaki kila unapoanza mstari mpya. Mara nyingi utapata mistari 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Kila gamba liko kwenye mistari yote miwili kwa pamoja. Jaribu kulichora hilo kwa rula utatokwa na jasho. Lakini ukishalielewa, unaweza kuijaza nguzo ya mlango kuanzia chini hadi juu kwa umbo moja dogo lisilochosha, na hakuna atakayekuuliza ulimchonga nani. Ukimaliza kuhesabu, menya ule na wenzako wa karakana.

SWALI: Mwanangu Mwalimu, mimi ni mtu mzima wa Pangani, nasuka ukili tangu utoto wangu na kushona mikeka. Mjukuu wangu anayesoma mjini ananiambia kwamba yangu ni mazoea wala si sanaa, kwa kuwa msanii hutazama maumbile na mimi natazama ukuta huku nikisuka. Nimjibu nini?

JIBU: Shikamoo Bibi yangu. Mjukuu wako amekutazama uso akasahau kutazama vidole.

Mwulize ni nani aliyechagua ukindu. Mkindu hausukwi wote. Unayachukua makuti machanga kabla hayajachanua, na kabla ya kulikata kuti unajua kwa kulitazama tu kama litakubali kupinda au litakatika. Unajua limekaushwa kiasi gani, na unalilowesha wakati gani lisipasuke. Unajua kwamba rangi ikichemka kwenye sufuria inaonekana imekolea kuliko itakavyokuwa mkeka utakapokauka, kwa hiyo unaizidisha kwa kiasi ambacho hakuna aliyekupimia. Hayo yote ni kutazama maumbile, Bibi, na umeyatazama kwa miaka mingi kuliko mimi nilivyoutazama mchu. Jicho lako linaweza kwenda ukutani kwa sababu limekwisha kuvifundisha vidole.

Hata hivyo asikuondokee bure. Mpe kipande cha ukili ambacho hujakimaliza, kile chenye rangi mbili, na penseli na karatasi. Mwambie afuate uzi mmoja tu kutoka ukingo hadi ukingo, achore unapopita juu na unapopita chini, bila kukuuliza. Akikwama, mpe chai na umruhusu aketi karibu nawe upande wa mkono wa kulia, ndipo zamu za vidole zinapoonekana vizuri. Akiumaliza mchoro huo, nitumieni nami niuone, maana uzi wa pili kutoka ukingoni sijawahi kuufuata mpaka mwisho bila kuupoteza.